Makofi Ndani ya Ngitili

Mdogo wangu aliniomba jambo moja tu katika tamasha lile: nimchukue mama kutoka Ngulyati, nimlete kwangu Bariadi mjini, alale siku mbili apumzike. Mengine yote, alisema, angeyafanya yeye. Na kweli aliyafanya.

Mpaka leo nikimsikia mtu kwenye redio anasema sanaa na sayansi zishikane mikono kuokoa mazingira, natafuta kitu cha kurusha. Siyo kwamba siamini maneno hayo. Niliyaamini kuliko wote, na ndiyo maana nina hasira kuliko wote.

Nafundisha baiolojia katika shule ya sekondari hapa mjini. Mdogo wangu ni kitinda mimba wa mama, mtu wa utamaduni: anapiga picha za ngoma, anasimamia vikundi, na ulimi wake unaweza kumfanya mgeni wa jana ajione amezaliwa huku kwetu Dutwa. Taasisi moja kutoka nje ya mkoa ilimpa kazi ya kuandaa tamasha la wazi. Watu wangekuja bure, wangeona ngoma na kusikia nyimbo za kilimo, na papo hapo wataalamu wangeeleza habari za udongo, mvua na malisho. Alinieleza hayo akiwa kwangu, tunakula wali na sato aliyeniletea, nikaacha kula. Miaka yote nimefundisha ikolojia kwa picha za misitu ya nchi ambazo sitafika, wakati ngitili ya mama iko umbali wa nauli ya bodaboda.

Kwa asiyetoka huku, ngitili ni malisho yaliyofungwa. Mvua zikianza, ng'ombe wanatolewa, majani yanaachwa yaote, yakomae, yakaukie palepale yakiwa yamesimama. Haingii mnyama mpaka kiangazi kikaze kabisa. Hapo ndipo mwenyewe anafungua, kipande kwa kipande, kwa ajili ya ndama, ng'ombe wa maziwa na wale waliodhoofu. Ni ghala kama ghala lingine, isipokuwa hili limejaa majani na halina paa.

Ya kwetu aliiacha baba. Alipofariki, ndugu zake walitaka ilimwe pamba, mama akakataa katikati ya kikao cha wanaume, na wakamnunia mpaka wakachoka wenyewe. Aliizungushia ua wa minyaa, akawa anauzunguka kila asubuhi kabla ya kunywa chai. Kuku walifukuzwa. Mimi mwenyewe nikiwa shule ya msingi nilichapwa kwa kukatiza humo nikiwahi kengele. Tulimtania kwamba akifa tumzike humo ndani, akajibu kwamba tukithubutu kuchimba atafufuka.

Na akiona ng'ombe wa mtu ndani, alipiga mwano. Mwano ni ukelele wa hatari. Kwetu ukiusikia huulizi ni wa nini, unaacha ulichoshika na kukimbia unakotokea. Nimemwona jirani yetu akija na povu la sabuni mpaka viwikoni, mwingine na tonge mkononi. Anayesikia mwano akakaa kimya anatengwa: hapewi moto, hachotewi maji, akifiwa anachimba kaburi na watoto wake. Huo ndio ulinzi tuliokua nao kabla ya bunduki na simu, na mama aliutegemea kuliko mlango.

Tulikaa watu watatu, mama, mdogo wangu na mimi, tukapatana. Tamasha litafanyika uwanja wa shule ya msingi. Baadaye wageni wachache watatembezwa nje ya ua, mimi nikiwaeleza, wachungulie kupitia minyaa. Mama atasema maneno machache na kuimba ule wimbo wake wa kuwatia moyo ng'ombe wa kiangazi.

"Lakini ndani haingii mtu," mama alisema.

"Ndani haingii mtu, mayu," mdogo wangu akajibu. Mayu ndivyo tunavyomwita mama kwa heshima. Nilisikia kwa masikio yangu.

Maandalizi yalikuwa matamu, siwezi kusema uongo. Wanafunzi wangu walihitaji udongo wa ndani ya ngitili na wa nje ili kuulinganisha. Mama hakuwaruhusu kuingia. Alichimba mwenyewe akawapitishia juu ya ua kwenye beseni, akiwaambia wasisahau kuurudisha, kana kwamba amewaazima sukari. Tukakata chupa za plastiki, tukajaza, tukamwagia maji juu. Ule wa nje, uliokanyagwa na ng'ombe mwaka mzima, maji yalituama juu yakawa tope. Ule wa ndani ulikunywa yote. Wachezaji wa bugobogobo, ile ngoma yetu ya majembe, walikuwa wakifanya mazoezi pembeni. Kiongozi wao akaja kuangalia chupa, akarudia kuangalia, kisha akaondoka ananung'unika kidogo kidogo. Kabla ya jua kuzama kikundi kizima kilikuwa kinaimba kuhusu ardhi yenye kiu na ardhi iliyoshiba. Wanafunzi wangu walipiga vigelegele. Usiku ule sikulala kwa furaha, nikiwaza kwamba hatimaye nimefundisha kitu.

Basi nikaenda kumchukua mama. Aligoma kwanza. Nani atabaki na nyumba, nani atauzunguka ua? Mdogo wangu akasema atabaki yeye. Nikamwambia, "Mayu, umefanya kazi maisha yako yote. Nenda ukapumzike siku mbili tu, watu wakuone umependeza." Maneno hayo ni yangu, hakunitungia mtu. Mama alinitazama, akaingia ndani kuchukua khanga zake.

Siku zile mbili zilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kukaa na mama nikiwa mtu mzima. Tulikwenda dukani kwa Mwarabu mmoja mzee ambaye babu yake ndiye aliyemuuzia bibi yangu shuka la kwanza, angalau ndivyo wanavyodai yeye na mama. Alimtandazia mama vitenge kaunta nzima.

"Mama, hiki cha njano kitakufanya urudi ukaolewe."

"Kichukue wewe ukamvalishe mkeo, labda ataacha kukununia," mama akajibu, na duka zima likacheka.

Alichagua cha bluu. Fundi alikishona siku hiyohiyo. Jioni nilimsuka, kichwa chake magotini pangu, kama alivyokuwa akinisuka mimi, tukalala kitanda kimoja tukisimulia habari za baba. Kulipokucha aliniambia kuwa hajawahi kulala usingizi mzito namna ile tangu awe mjane. Kumbe usingizi ule ndio uliokuwa ukitafutwa.

Asubuhi ya tamasha lilikuja gari kutuchukua. Tulipofika Ngulyati tukaupita uwanja wa shule. Ulikuwa mtupu, mbuzi wawili wamelala golini.

"Mbona hakuna watu?" mama aliuliza.

Dereva, kijana asiyetufahamu, akasema, "Wamehamishia kwenye eneo halisi, mama. Wageni walisema huku shuleni hakuna mvuto."

Mimi nilielewa kabla yake. Nikamshika mkono, akadhani nina furaha, akaniminya vidole.

Ua wa minyaa ulikuwa umekatwa upana wa kupita lori. Matawi yalikuwa yametupwa kando, utomvu mweupe ukidondoka bado. Ndani, katikati ya majani yaliyokuwa yanafika kiunoni, walikuwa wamefyeka maduara mawili makubwa kwa ajili ya ngoma. Kwetu vikundi viwili hushindana kwa kucheza wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na watu ndio waamuzi: wanakimbilia kwenye ngoma iliyonoga, ikipoa wanahamia kwa wenzao. Mshindi ni yule mwenye umati. Ni mchezo mzuri sana uwanjani. Ndani ya ngitili maana yake ni kijiji kizima kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka majani yamelala chini na kusagika. Magari yalikuwa yameegeshwa kule tunakofungulia ndama. Maturubai, viti vya plastiki, spika, droni inanguruma juu. Na juu ya lango, bango jipya: TULINDE NGITILI ZETU.

Mama alishuka na kitenge chake cha bluu. Alitembea hatua kadhaa, akainama, akaokota majani yaliyosagwa akayanusa. Kisha akaweka mikono kichwani, akapiga mwano.

Nimemsikia akipiga mwano mara nyingi maishani. Ule ulikuwa na kitu kingine ndani, kilio cha mtu aliyekuta msiba kwake wakati wengine wanakula. Ngoma zilikatika zote mbili. Majirani zetu, waliokuwa wamechanganyika na umati, wakageuka na kuanza kukimbia kuja kwake kama walivyofundishwa tangu utoto. Nikasema moyoni, afadhali, sasa watu watawekwa sawa.

Ndipo sauti ya mdogo wangu ikatoka kwenye spika.

"Mabibi na mabwana! Hiyo ndiyo sauti ya asili tuliyowaahidi! Mlinzi wa ngitili, mama yangu mzazi! Mpigieni makofi!"

Wageni wakapiga makofi. Mmoja alisimama juu ya kiti kupiga picha. Mwingine, mama wa makamo mwenye kofia, alikuwa akifuta machozi, na naamini machozi yake yalikuwa ya kweli. Lakini siwalaumu wageni. Majirani walipunguza mwendo. Wakasimama. Wakatazamana, wakamtazama mama, wakatazama spika. Mmoja akacheka cheko la aibu. Yule jirani wa povu la sabuni, ambaye alipofiwa na mumewe mama alikesha naye, akaanza kupiga makofi, na wengine wakafuata. Mama akaendelea kupiga mwano na makofi yakaongezeka. Alipoishiwa pumzi akashusha mikono, ngoma zikaanza upya.

Nilimkuta mdogo wangu nyuma ya turubai anakunywa maji ya chupa.

"Umefanya nini?"

"Dada, punguza sauti. Wageni wameshaona majani kutoka juu kwenye picha za droni, wameyapenda. Ningewaambia nini? Wachungulie kupitia minyaa kama wezi?"

"Ulimwambia mama ndani haingii mtu."

"Dada, wewe ni mwalimu wa baiolojia. Majani yanaota tena."

"Yanaota mvua ikinyesha. Kuanzia leo mpaka mvua, ndama watakula bango?"

Akafunga kifuniko cha chupa. Kisha akasema, kwa upole kabisa, kama anayenisaidia kuelewa, "Angekuwepo hapa asingekubali. Ndiyo maana nikakuomba umchukue. Mimi angenishuku. Wewe anakuamini."

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, ila hawakuniambia kwamba kinakusalimia "dada" na kukuletea sato. Nilitamani kumpiga kofi. Sikumpiga, wanafunzi wangu walikuwa wanatutazama wakiwa wameshika chupa zao za udongo, wakisubiri zamu yao ya kueleza kwa nini ardhi haipaswi kukanyagwa. Walieleza vizuri sana. Walipongezwa.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa cha kawaida, na ndicho kinachouma, kwa maana ngitili ingekivuka bila shida. Mwezi wa tisa mama alikuwa anakusanya mabua ya mahindi ya majirani. Mwishowe ng'ombe wakapelekwa kwa mjomba Lingeka, kule Meatu, wakafuate malisho. Waliorudi mvua zilipoanza walikuwa pungufu, na ndama jike wa ng'ombe tuliyeachiwa na baba hakuwemo. Mama alianza kununua maziwa ya pakiti. Alikuwa anayamimina kwenye kibuyu kwanza, ndipo anayanywa.

Nilimweleza mara ya kwanza siku ileile ya tamasha. Nikamweleza tena wiki iliyofuata, na tena: mayu, sikujua, nami nimeingizwa mkenge kama wewe. Alikuwa anasikiliza hadi mwisho, kisha anasema, "Haya." Nikifika nyumbani ananitolea kiti. Mtoto wa nyumba hatolewi kiti, anakaa anapopaona. Ananipikia kuku kama mgeni, ananisindikiza mpaka barabarani, "Wabeja, asante kwa kuja." Ningependa kutukanwa kuliko kushukuriwa namna ile.

Wakati huohuo mdogo wangu anaingia jikoni kwake anakwangua ukoko wa ugali kwenye sufuria, wanacheka. Sikuelewa. Nikadhani ni ile habari ya kawaida, kitinda mimba na mama yake, mwanaume na dada zake. Niliona wivu, nikakaa nao.

Mwaka huu macho ya mama yalizidiwa. Mtoto wa jicho, yote mawili. Madaktari bingwa wa macho walipokuja hospitali ya mjini nikawahi kumwandikisha, nikaenda kumchukua. Nilimkuta kibarazani anachambua choroko kwa vidole, anaacha mawe na kutupa choroko.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka." Akaanza kuinuka atoe kiti. Nikamzuia.

Nikamweleza. Upasuaji wenyewe ni mfupi, analala kwangu siku mbili, anarudi anaona. Vidole vyake viliendelea kutembea ndani ya ungo.

"Mara ile uliniambia nikapumzike siku mbili," alisema. "Nikapumzika."

"Mayu, nimekwambia sikujua."

"Mwenzako alikuja akapiga magoti hapo ulipo. Akasema, mayu utusamehe, mimi na dada tulidhani utafurahi. Nikamsamehe. Amekosa, amekiri, yamekwisha. Wewe kila siku hukujua. Mimi nitamsameheje mtu ambaye hakufanya kitu?"

Mimi na dada. Nilikaa chini kwenye vumbi. Miezi yote ile nilidhani mdogo wangu ameniibia siku mbili na majani ya mama. Kumbe alinigawia kosa lake, akachukua nusu yake akasamehewa, akaniachia yangu. Na hakufanya kwa ubaya, namfahamu. Alifanya kwa sababu mzigo wa watu wawili ni mwepesi kuubeba, akaenda zake kula ukoko.

Ningeweza kumpigia simu palepale aseme ukweli mbele ya mama. Nilitoa simu. Lakini nilijua angesema nini: angecheka, angesema dada tuyaache ya zamani, na mama angesikia mtu anayemtetea dada yake mkaidi. Madaktari walikuwa wanaondoka kesho kutwa. Mama alikuwa ameshika jiwe, analigeuzageuza karibu na jicho, halafu akaliweka upande wa choroko safi.

Nikapiga magoti.

"Mayu, nisamehe," nikasema. "Nilijua."

Ungo ulitulia. Aliunyoosha mkono wake hewani mpaka ukanipata kichwani, akaubakiza hapo, mkono mzito wenye vumbi la choroko. Nililia, na nina hakika alidhani nalia kwa majuto. Nilikuwa nalia kwa hasira, kwa sababu mkono ule nilikuwa nimeutamani tangu siku ya tamasha, na sasa nimeupata kwa kujisingizia.

"Nilijua tu," mama alisema, kwa sauti yake ya zamani, ile ya kitandani kwangu. "Nilikuwa nasubiri useme."

Kisha akaniambia niache kulia, niingie ndani nimtafutie kile kitenge cha bluu cha kwendea mjini.